Migongo ya Ngara na ufuko uliohama wilaya

Mara kadhaa nimewapa watoto wa shule za msingi wilayani Ngara karatasi na penseli za rangi, nikawaambia wachore mahali pazuri. Wengi hunichorea ufuko wa bahari: mnazi ulioinama, jahazi, jua limezama nusu. Waliobaki huchora Kilimanjaro, na mbele yake twiga. Mnazi hawajawahi kuuona, na bahari iko karibu kilometa elfu moja kutoka kwenye dawati lao. Nje ya dirisha vilima vimepandana hadi Burundi na hakuna aliyevigeukia hata kuchungulia.

Siwacheki. Hizo ndizo picha walizoziona zikitundikwa ukutani: kalenda, nyumba za wageni, bidhaa za watalii. Na mimi nilianza hivyohivyo. Kitabu cha kwanza cha uchoraji wa mandhari nilichokipata kilikuwa cha Ulaya. Kilinishauri nisubiri mwanga mrefu wa jioni, nami nikausubiri. Huku kwetu, digrii mbili na ushee kusini ya ikweta, jua halizami kwa mshazari. Linashuka moja kwa moja, na ukishalikosa una dakika 20 hivi kabla giza halijakumeza pamoja na brashi zako. Nilirudi nyumbani nikipapasa njia, na picha yenyewe ilikuwa ya anga tu kwa sababu ardhi sikuifikia.

Macho ya kuazima si ugonjwa wa watoto peke yao. Mwaka 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walipita Usui, nchi ambayo leo iko ndani ya Biharamulo na Ngara. Mtawala wake, Suwarora, aliwakamua hongo sawasawa kabla ya kuwaachia waingie Karagwe kwa Rumanika mwezi Novemba. Huko Karagwe Speke aliona ziwa dogo chini ya vilima, akaliita Windermere Ndogo. Windermere ni ziwa la kaskazini mwa Uingereza, kipenzi cha wachoraji na washairi wa kwao. Ziwa la Karagwe lilikuwa na jina lake na wenyewe, lakini wageni hao walipolitazama waliona la kwao.

Grant ananivutia zaidi. Mguu wake ulioza kwa kidonda, ikabidi abaki Karagwe wakati mwenzake anaendelea kwenda Buganda, Januari 1862. Alikaa miezi, hawezi kutembea, na boksi lake la rangi za maji likiwa karibu. Michoro ya safari yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh. Sisemi Grant alipona macho ya kuazima, ila kidonda kilimpa kile ambacho msafiri hana, yaani kuamka mahali palepale kila siku. Kwa mwanafunzi anayetaka kuchora Ngara, huo ndio ushauri wangu wa kwanza. Chagua kilima kimoja ukikae mwezi mzima.

Ukikikaa utaona jambo. Kilima cha karibu ni cha kijani na kahawia, unaweza kuhesabu migomba. Cha pili kimepauka. Cha tatu kina ubuluu. Cha mwisho, ambacho huenda kiko Rwanda, kimebaki kivuli tu, na ni vigumu kusema kinaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Sababu ni hewa iliyo katikati. Hewa husambaza mwanga wa buluu kuliko mwekundu, na kadiri hewa inavyozidi kuwa nene kati ya jicho na kilima, ndivyo buluu hiyo inavyomwagika juu ya rangi yake ya asili. Kwa hiyo usichanganye rangi mpya kwa kila kilima. Chukua ile ya kilima cha karibu, gawa, ongeza nyeupe na tone la buluu; gawa tena, ongeza tena. Punguza pia ukali wa kingo. Mchoraji anayekosea hapa kwa kawaida ameweka mstari mweusi kwenye kilima cha nne, na kilima kinamrukia usoni.

Lakini kanuni hiyo hubadilika kwa majira. Kati ya Juni na Agosti, nyasi zikichomwa, moshi na vumbi hufanya vilima vya mbali kuwa vya kijivu chenye joto, karibu na rangi ya maziwa yaliyoungua. Mvua za vuli zikifika, hewa inaoshwa. Asubuhi moja ya Oktoba unaamka, na kilima cha nne kimesogea. Mashamba yake yanaonekana mojamoja. Nimewahi kuiacha picha ya Agosti nusu nikarudi kuimalizia wakati huo, na nikalazimika kuitupa. Haikuwa nchi ileile.

Dunia, kwa upande wake, inaijua Ngara ikiwa nyeusi na nyeupe. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi takriban 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi, wakaweka kambi Benaco. Mpigapicha Mbrazili Sebastião Salgado alifika mwaka huohuo. Picha zake za Benaco, zenye moshi wa majiko na mahema yasiyo na mwisho, zimetundikwa katika majumba makubwa ya maonyesho duniani kote, na kwa watu wengi wa mbali hizo ndizo Ngara. Ni picha kubwa, sina neno juu yake. Kitu kimoja tu hazina: wekundu. Aliyepita Benaco anakumbuka udongo mwekundu kwenye soksi, kwenye kwato za mbuzi, kwenye kuta hadi usawa wa goti ambako mvua hurusha matone.

Wekundu huo ni kutu. Udongo wa kwetu una chuma, na chuma kilichokutana na hewa kinakuwa chekundu. Kikishika maji ndani yake kinakuwa cha manjano. Ndiyo maana kwenye ukingo wa barabara mpya, pale greda lilipokata kilima, utaona matabaka: jekundu, la chungwa, la manjano, na chini pengine jeupe la mfinyanzi. Hilo ni duka la rangi na hakuna anayekudai.

Chimba chini ya mizizi. Kausha, ponda, loweka kwenye ndoo, koroga kwa nguvu, kisha hesabu hadi sitini. Mchanga utatuama. Maji yenye rangi yamimine kwenye ndoo ya pili taratibu, mchanga uuache. Rudia mara tatu au nne. Ndoo ya mwisho iache ilale usiku kucha, na asubuhi mwaga maji yaliyo juu. Chini utakuta tope laini kama mafuta ya mgando. Likaushe kwenye sinia, ulisage juu ya kioo kwa kitako cha chupa, ulichanganye na kiini cha yai au gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa. Ukiwa na udongo wa manjano, weka kijiko kimoja kwenye kikaango kikavu juu ya jiko la mkaa. Utauona ukigeuka mwekundu machoni pako, maji yakiutoka. Watu waliochora miamba ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, waliufahamu wekundu wa udongo kabla kiwanda cha rangi hakijazaliwa.

Nikiulizwa jumba la sanaa la Ngara liko wapi, huwa naonyesha daraja. Ukivuka Rusumo na kwenda kama nusu saa kwa gari, unafika Nyakarambi, wilaya ya Kirehe, ambako ushirika wa wanawake hutengeneza na kuuza imigongo. Mhangaza wa Ngara hahitaji mkalimani kwa neno hilo, na Mswahili naye anahitaji kuondoa herufi moja tu: ni migongo. Ni mbao zenye matuta yaliyoinuka kwa kinyesi cha ng'ombe, yaliyopangwa pembe kwa pembe, yakapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Wenyewe husimulia kwamba aliyeanzisha ni Kakira, mwana wa Kimenyi, mfalme wa Gisaka, aliyetaka kuipamba nyumba yake ndani. Ustadi huo ulibaki mikononi mwa wanawake, na mauaji ya 1994 nusura yaufute. Waliosalia, wengi wao wajane, ndio walioufufua.

Niliufahamu kwanza upande wetu wa mto, kwa bibi mmoja mzaliwa wa ng'ambo aliyeolewa Ngara. Nilikuwa nimejitengenezea ubao wangu wa kwanza na umepasuka kila mahali kama visigino vya kiangazi. Akautazama, akanusa.

“Mwanangu, hii ni ya ng'ombe mkubwa.”

“Ndiyo, bibi. Kuna tofauti?”

“Mkubwa anakula majani makavu. Hii imejaa nyuzi. Tafuta ya ndama.”

Kinyesi cha ndama ni laini. Kikichanganywa na majivu kinapoteza harufu na wadudu hawakisogelei. Unachora ruwaza kwenye ubao, kisha unajenga tuta kwa vidole, kidogo kidogo, kidole gumba upande mmoja na cha shahada upande wa pili, kana kwamba unabana ukingo wa sambusa. Likikauka unalisugua kwa msasa hadi liwe na makali. Rangi huja mwisho. Nyeupe ni udongo mweupe, nyekundu ni udongo mwekundu. Nyeusi ya zamani ndiyo yenye kazi: utomvu wa mshubiri, majivu ya ndizi, na tunda chungu la porini la ukoo wa mtunguja. Siku hizi wengi hutumia rangi ya dukani, na sioni dhambi. Mchoraji Tingatinga alichorea rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, na leo tunaiita mila.

Kilichonichukua muda kukielewa ni matuta yenyewe. Kwa nini uinue mstari wakati ungeweza kuupaka tu? Jibu nililipata siku nilipouona ubao ndani ya nyumba isiyo na madirisha makubwa. Mwanga uliingia mlangoni pekee, ukapita ukutani kwa upande, na kila tuta likatupa kivuli chake. Hata rangi zilipofifia gizani, ruwaza ilibaki inasomeka. Imigongo ilibuniwa kwa ukuta wa ndani na mwanga wa mlango. Ukiitundika chini ya taa za umeme zinazomulika kutoka mbele, umeipunguzia nusu ya akili yake. Nilipotoka nje nikavitazama vilima saa moja na nusu asubuhi, jua likija kwa ubavu, nikaona ni kitu kilekile: migongo yenye upande mweupe na upande mweusi. Kuanzia saa nne jua likipanda utosini vyote hulala bapa, na ni heri ukanywe chai.

Sasa ufuko, maana najua kuna msomaji ambaye bila maji hatulii. Biharamulo ilikuwa na ufuko wake wa Ziwa Viktoria hadi mwaka 2005, Chato ilipomegwa kuwa wilaya. Mwaka 2012 Chato ikaingia mkoa mpya wa Geita, na ufuko ukaenda nayo. Ziwa halikusogea hata hatua moja, na mchoraji wa Biharamulo bado anapanda basi kushuka Chato au Nyamirembe kama mtu anayekwenda shambani kwake.

Kosa la kwanza la wanaofika huko ni kupaka maji buluu. Simama ukingoni utazame chini ya miguu yako: unaona ndani ya maji, na ndani ni kijani cha mwani na kahawia ya tope. Inua macho polepole. Kadiri unavyotazama mbali, ndivyo jicho linavyoyagusa maji kwa ubapa zaidi na maji yanavyogeuka kioo cha mbingu. Kwa hiyo ziwa ni rangi mbili zinazopokezana, kijani mbele na anga nyuma, na sanaa yote iko pale zinapokutana.

Kisha dagaa. Wameanikwa mchangani kwa maelfu, na mwanafunzi hukimbilia rangi ya fedha ya chupa. Usiinunue. Chukua dagaa mmoja mkononi: mgongo ni wa kijivu cha kijani, tumbo jeupe, na mng'ao ni uzi mwembamba ubavuni unaohama ukimgeuza. Paka eneo lote kijivu kilichopoa, kisha toa vidoa vyeupe vichache, vichache kuliko unavyotaka. Jicho la mtazamaji litawaanika wengine. Usiku usio na mwezi wavuvi wakiwasha taa, kumbuka kwamba karabai ilikuwa na mwanga wa manjano, na taa nyingi za sasa za betri na sola ni nyeupe kama maziwa. Usiku wa ziwani umebadilika rangi katika umri wa mtu mmoja, na sijaona mchoraji aliyeuandika huo wa zamani.

Ukirudi Biharamulo mjini, tazama kuta. Mafundi wa mabango wamechora vichwa kwenye vibanda vya vinyozi, soda kwenye maduka, sindano kwenye maduka ya dawa. Wanajua kitu ambacho wasomi tunakisahau, kwamba picha ni lazima isomeke kutoka kwenye pikipiki inayopita. Ningeshauri ukakae nao wiki moja kabla hujapanda gari kwenda Nafasi Art Space, Dar es Salaam, kuona wenzako wa mjini wanafanya nini. Na usione haya kuchora vya kwenu: mchoraji Sam Ntiro alichora migomba ya kwao Machame, na mwaka 1960 jumba la sanaa ya kisasa la New York likainunua picha yake ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Elimo Njau alipochora maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, Kenya, alimweka Yesu mweusi ndani ya nchi ileile iliyo nje ya mlango wa kanisa.

Ubao wangu wa tatu niliupeleka kwa bibi jioni. Aliuegemeza kwenye fremu ya mlango, akausogeza kidogo hadi mwanga ukaukata kwa upande, akapitisha kidole gumba kwenye tuta moja toka juu hadi chini. Karibu na mwisho kidole kikasimama.

“Hapa ulichoka,” akasema, akarudi zizini kumfungua ndama.