Debiti si hasara, krediti si faida

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari limehamia kwenye kompyuta, na nionavyo mimi, maneno yake yanaweza kuvunja kikundi hata pale ambapo mali ipo.

Tuseme akina mama wa Mbita, kaunti ya Homa Bay, wamemuuzia mteja wa Migori omena, yaani dagaa, za shilingi 10,000. Mteja amelipa benki. Taarifa ya benki inaandika krediti 10,000. Programu ya hesabu ya kikundi, kwenye akaunti ya benki, inaandika debiti 10,000. Hapo ndipo mweka hazina huitwa mwizi.

Hakuna aliyeiba. Benki huandika kwa upande wake: pesa zile si zake, inadaiwa na kikundi, ndiyo maana ni krediti. Kikundi nacho kimeongeza mali, kwa hivyo ni debiti, na krediti yake inakwenda kwenye mauzo. Luca Pacioli alieleza utaratibu huu katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494: debiti kushoto, krediti kulia, na pande mbili lazima zilingane.

Nasi wa Pwani wenye vyama vya wavuvi, tusidhani haya ni ya Ziwa Victoria pekee. Kabla ya kumtuhumu mtu, uliza kwanza: karatasi hii ni hesabu ya nani? Kisha linganisha salio.