Kumbukumbu, Ujazo na Mkondo: Swali la Kompyuta Mpakato kutoka Same

Mwalimu mmoja wa sekondari wilayani Same alituletea swali ambalo, kwa kulitazama juu juu, si la lugha. Kijana wake ana kompyuta mpakato iliyokwisha tumika, nayo hukwamakwama kila achezapo mchezo wa kandanda. Muuzaji amemshauri “aongeze kumbukumbu”. Mwalimu anataka kujua kama fedha hiyo itafaa kitu au itapotea bure. Tumeona vema tulijibu hapa, kwani tulipolichunguza tulibaini kuwa kikwazo cha kwanza ni neno lenyewe.

Neno “kumbukumbu” limetwishwa mizigo mingi. Kila barua ya serikali hubeba “Kumb. Na.” kichwani mwake. Katika kompyuta, neno hilohilo hutumika kutaja vitu viwili visivyofanana: mahali ambapo kazi inayoendelea hushikiliwa maadamu umeme upo, na diski ambamo kazi hukaa hata mashine ikizimwa. Mtumishi akiandika katika maelezo ya zabuni kuwa kompyuta ziwe na “kumbukumbu ya gigabaiti 256”, huenda alikusudia diski, na mzabuni hatakosa kufahamu hivyo. Lakini akiandika “gigabaiti 16” tu, bila kusema za nini, amefungua mlango wa ugomvi. Kijana wa Same naye akiuziwa diski kubwa, mchezo wake utapata pa kukaa, wala hautachezeka vizuri zaidi. Sisi twapendekeza kuwa “kumbukumbu” libakie kwa kile ambacho mafundi hukiita “ramu”, na diski iitwe “hifadhi”.

Baada ya hapo liko jambo la pili, ambalo ndilo kiini cha swali. Katika kompyuta mpakato nyingi za bei ya chini, picha za kwenye kioo huchorwa na sehemu iliyomo ndani ya kichakataji kikuu. Sehemu hiyo haina kumbukumbu yake yenyewe. Huazima ileile itumiwayo na kichakataji. Watu wengi huiita “kadi ya picha”, jambo ambalo ni kosa, kwa kuwa kadi haipo. Twaonelea iitwe “kichorapicha cha ndani”, na jina la kadi liachiwe kile kifaa cha peke yake chenye kumbukumbu zake.

Mwalimu wetu hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika milima ya Upare, na katika vijiji vya miteremkoni kama Bangalala, wakulima hujenga ndiva, yaani bwawa dogo ambalo hujazwa usiku kwa maji ya kijito na kufunguliwa mchana ili kumwagilia mashamba kwa zamu. Zamani yalikuwa ya udongo mtupu. Siku hizi mengine yamesakafiwa kwa saruji. Mkulima yeyote wa huko anafahamu kuwa ukubwa wa ndiva ni jambo moja na upana wa mfereji ni jambo jingine. Ndiva ikiwa ndogo, maji huisha kabla ya zamu kwisha. Ndiva ikijaa lakini mfereji ukawa mwembamba, shamba la mwisho hukauka huku maji yakionekana kwa macho.

Kumbukumbu ina mambo hayohayo mawili. Tuyaite “ujazo” na “mkondo”.

Ujazo hupimwa kwa gigabaiti. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, hudai gigabaiti 4 kwa uchache. Kwa hiyo mashine yenye 4 tu haibakizi kitu cha maana kwa mchezo, na kichorapicha cha ndani nacho kinadai fungu lake. Hapo kompyuta hulazimika kupeleka na kurudisha mambo katika hifadhi, ambayo ni ya polepole mno, na ndipo mchezo ukwamapo. Kutoka 4 kwenda 8 ni nafuu ambayo kijana ataiona siku hiyohiyo. Kutoka 8 kwenda 16 kwaweza kusimleteee lolote, ikiwa mchezo ulikuwa tayari unatosheka.

Mkondo ndio unaosahauliwa. Kipande kimoja cha kumbukumbu ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde, kwa kipimo cha juu kabisa. Vipande viwili vikipachikwa katika mikondo miwili, kipimo huwa 51.2. Kadi ya picha ya daraja la kati hupata 200 na zaidi katika kumbukumbu zake yenyewe. Kwa kuwa kichorapicha cha ndani kina njaa ya mkondo kuliko ya ujazo, vipande viwili vya gigabaiti 4 mara nyingi humfaa mchezaji kuliko kipande kimoja cha 8, ingawa dukani vyote vyaitwa “kumbukumbu ya 8”.

Kuna kisa ambacho wapenzi wa istilahi watakifurahia. Kampuni ya Intel, katika vichakataji vyake vya kizazi cha 11 vilivyotoka mwaka 2020, ilikipa kichorapicha cha ndani jina la Iris Xe, kwa sharti kwamba mashine iwe na kumbukumbu ya mikondo miwili. Mkondo ukiwa mmoja, kifaa kilekile hujitambulisha kwa jina la chini, UHD. Jina hubadilika bila kitu kubadilika. Mtafsiri akutanaye na majina hayo katika kitabu cha maelekezo asiyachukulie kuwa ni vifaa viwili.

Yuko aliyetushauri tulitwae neno “ndiva” lenyewe liwe istilahi. Tumesita. Wasomaji wa Mombasa au Kigoma hawalijui, na “kumbukumbu” limekwisha kuzoeleka. Hata hivyo, kwa mwalimu afundishaye Same, hatuoni mfano bora kuliko huo.

Kwa hiyo kijana asinunue kitu kwanza. Amwombe fundi afungue kifuniko cha chini na kutazama: kuna vipande vingapi, na je, ipo nafasi iliyo tupu? Nafasi ikiwapo, anunue kipande cha aina ileile na, ikiwezekana, ujazo uleule. Katika baadhi ya kompyuta nyembamba kumbukumbu imechomelewa juu ya bodi na haiongezeki. Akikuta hivyo, apunguze ukubwa na ubora wa picha katika mipangilio ya mchezo, kazi isiyogharimu hata senti moja.