Kamisheni ya wakala iishe lini?

Ukishuka kutoka Kitintale kuelekea Port Bell, utapita Luzira, penye nyumba nyingi ambazo tangu msingi zilikusudiwa wapangaji: vyumba vya safu ambavyo Kampala huitwa mizigo, nyumba za vyumba viwili zenye choo ndani, na kwa juu kidogo ghorofa zinazotazama ziwa. Baadhi ya wenyewe wanaishi Luzira hapohapo. Wengine wako Dubai, London au Boston, na wanazijua nyumba zao kupitia simu ya wakala. Ni hao hasa ninaowaandikia leo, ingawa hata anayeishi hatua chache kutoka kwa wapangaji wake anaweza kujikuta katika tatizo hilohilo: anamlipa mtu kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, na hawezi kueleza anamlipia kazi gani.

Mzizi wa ugomvi mwingi ni kuchanganya kazi mbili. Ipo kazi ya dalali, au broka kama wengi wanavyomwita: kutafuta mpangaji, kumwonyesha chumba, kuwakutanisha na mwenye nyumba. Kazi hiyo huisha siku mpangaji anapoingia, na malipo yake ni ya mara moja. Halafu ipo kazi ya kusimamia nyumba: kukusanya pango, kufuatilia wanaochelewa, kuita fundi bomba linapopasuka, kusoma mita ya maji, kutoa hesabu. Hii ni kazi ya kila mwezi na hulipwa kila mwezi, kwa kawaida kwa asilimia ya pango, na asilimia 10 ni kiwango ambacho wenye nyumba wengi wamekizoea. Kosa huanza pale aliyefanya kazi ya kwanza anapoendelea kulipwa kana kwamba anafanya ya pili. Alileta mpangaji miaka mitatu iliyopita. Mpangaji hulipa kwa wakati, humpigia simu mwenye nyumba moja kwa moja kukiwa na tatizo, na bado kila anapoongeza muda wakala hudai fungu lake kwa sababu “mpangaji ni wangu”.

Jambo hili halikuzuka Kampala peke yake. Uingereza lilifika Mahakama Kuu. Mwaka 2009 mamlaka iliyosimamia haki katika biashara wakati huo, Office of Fair Trading, ilishinda kesi dhidi ya kampuni kubwa ya uwakala ya London, Foxtons. Mikataba ya kampuni hiyo ilimtaka mwenye nyumba aendelee kulipa kamisheni kila mpangaji yuleyule alipobaki baada ya muda wa kwanza, hata kama kampuni haikufanya lolote kumshawishi abaki wala haikukusanya pango. Deni hilo lingeweza kumwandama mwenye nyumba hata baada ya kuiuza nyumba yenyewe. Jaji Mann aliona kwamba masharti mazito kiasi hicho hayawezi kufichwa katikati ya maandishi madogo, na kwamba kwa mwenye nyumba wa kawaida hayakuwa ya haki. Hukumu hiyo haiifungi mahakama ya Uganda. Lakini swali lililoulizwa London ndilo la kuuliza Luzira: malipo haya yanayoendelea yanalipia kazi gani inayoendelea?

Jibu linapaswa kuwa kwenye karatasi, na hapa sheria ya Uganda iko upande wako. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba wowote wenye thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Mwenye nyumba mwingine hudhani makubaliano yake na wakala ni madogo kwa kuwa hulipa laki mbili tu kwa mwezi. Akizidisha kwa miezi kumi na miwili ataona amevuka kiwango hicho mara kadhaa. Sheria hiyohiyo inamtaka wakala amtolee hesabu mwenye mali. Kudai hesabu, basi, si kumshuku mtu. Ni haki ya anayemiliki na wajibu wa anayesimamia.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme una vyumba vinane, kila kimoja shilingi 300,000 kwa mwezi, na vyote vina watu mwaka mzima. Pango la mwaka ni shilingi milioni 28.8. Wakala wa asilimia 10 anachukua 2,880,000. Kisha inakuja URA, mamlaka ya mapato. Mtu binafsi anayepangisha hutozwa asilimia 12 ya pango lote lililozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kuruhusiwa kutoa gharama zozote. Kampuni zina utaratibu wake, lakini wewe mwenye vyumba vinane kwa jina lako uko kwenye kundi hili. Kodi yako ni shilingi 3,117,600. Angalia kilichotokea: ile 2,880,000 aliyochukua wakala haikupunguzwa kabla ya kodi kukokotolewa. Umelipia kodi ya shilingi 345,600 juu ya fedha ambazo hukuzitia mfukoni. Zimekwisha kutoka karibu milioni sita, na bado hujapaka rangi ukuta, hujalipa kodi ya majengo ya KCCA, mamlaka ya jiji, wala hujaziba paa linalovuja. Ndiyo maana asilimia moja au mbili za kamisheni si jambo la kuonea haya kuzijadili.

Neno moja ndani ya mkataba linaweza kuwa na uzito kuliko asilimia yenyewe. Je, kamisheni ni ya pango lililokusanywa au pango linalotakiwa? Vyumba viwili vikikaa vitupu miezi mitatu, umekosa shilingi 1,800,000. Mkataba unaosema “pango linalotakiwa” utakudai 180,000 nyingine kwa ajili ya vyumba ambavyo wakala ameshindwa kuvijaza. Andika “lililokusanywa”, na wakala naye atakuwa na sababu ya kutafuta wapangaji.

La pili ni njia ya fedha. Ninashauri, bila kusita, kwamba pango liingie kwenye akaunti ya mwenye nyumba au namba yake ya simu, na wakala alipwe kutoka hapo baada ya kuleta orodha ya waliolipa na wasiolipa. Mazoea ya wapangaji wote kutuma kwa simu ya wakala, naye kutuma “kilichobaki” mwisho wa mwezi, yanamfanya mwenye nyumba kuwa mtu wa kuhadithiwa mali yake. Matengenezo nayo yawekewe kikomo: chini ya kiasi fulani wakala aamue na alete risiti, juu ya hapo aombe kibali kwanza. Na aliye ng'ambo akimpa wakala hati ya uwakili, itaje kazi mojamoja. Anayekusanya pango hahitaji mamlaka ya kuuza nyumba wala kuiweka rehani.

Kuna hatari nyingine inayosahaulika. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 hairuhusu mpangaji kuondolewa bila amri ya mahakama. Wakala anayefunga mlango kwa kufuli lake au kung'oa mabati ili kumtoa mtu hafanyi hivyo kwa jina lake mwenyewe. Anafanya kwa niaba yako, na lawama inaweza kukufikia wewe. Mkataba umkataze waziwazi.

Kuhusu kuachana, kanuni ya uwakala ni kwamba mwenye mali anaweza kuondoa mamlaka aliyoyatoa. Lakini kama mlikubaliana muda maalumu na ukauvunja bila sababu ya kutosha, unaweza kudaiwa fidia. Kwa hiyo muda uwe mfupi, tuseme mwaka mmoja, na kila upande uweze kujitoa kwa notisi ya mwezi mmoja au miwili. Kiwepo pia kifungu kinachosema kwamba notisi ikiisha kamisheni imeisha, hata kama wapangaji walioletwa na wakala bado wapo. Siku hiyo wakala akabidhi funguo, mikataba ya wapangaji, namba zao, hesabu ya maji na umeme, na kila shilingi ya dhamana anayoishikilia. Dhamana ni fedha ya mpangaji, na atakuja kuidai kwako.

Kenya ina Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba chini ya sheria iliyopitishwa 1984, na asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Uganda kwa muda mrefu imekuwa bila bodi ya namna hiyo. Kipo chama cha hiari cha mawakala, AREA, na kumuuliza wakala kama ni mwanachama, kama amesajili biashara yake na kama ana namba ya mlipakodi ni mwanzo mzuri. Wapo mawakala waadilifu wanaotembea na jua la mchana kukusanya pango chumba hadi chumba, wanaoamka usiku mtaro ukijaa maji ya mvua. Hao wanastahili kulipwa vizuri na kwa wakati, na hawaogopi mkataba ulio wazi.

Kama unamlipa wakala na huna karatasi, mwandikie mwezi huu. Mwombe hesabu ya miezi kumi na miwili iliyopita, orodha ya wapangaji na rasimu ya mkataba wenye mwanzo na mwisho, na umpe siku kumi na nne. Akikataa na kuna fedha yako anayoishikilia isiyozidi shilingi milioni 10, mahakama zina utaratibu wa madai madogo ambao hauhitaji wakili. Nenda na risiti na ujumbe wote wa simu uliouhifadhi.