Shujaa mwenye sura mbili: Mwanao akiuliza, utamjibu nini?

Chita. Jioni umeme ukiwapo, katika nyumba nyingi za Bonde la Kilombero televisheni ndiyo yaya. Mama yuko jikoni, baba hajarudi kutoka shambani, watoto wamejazana mkekani wakitazama filamu ya anga za juu. Mara swali linatoka: "Mama, mbona huyu jana alikuwa mzuri, leo anaua watu?"

Wengi hujibu, "Ni filamu tu, tazama ukalale." Mtoto anakwenda kulala na swali lake.

Swali la namna hiyo lina umri mkubwa kuliko wazazi wengi wa leo. Oktoba 6, 1967, kituo cha NBC cha Marekani kilirusha kipindi cha tamthilia ya Star Trek kiitwacho Mirror, Mirror. Nahodha Kirk, Dk McCoy, mhandisi Scott na ofisa mawasiliano Uhura wanajikuta katika ulimwengu sambamba baada ya dhoruba ya angani kuvuruga mtambo unaowasafirisha. Chombo ni kilekile na sura ni zilezile, ila tabia zimegeuka. Huko mtu hupanda cheo kwa kumuua mkubwa wake. Hata Spock, msaidizi mtulivu wa nahodha, ana ndevu na anatumikia dola katili.

Uhura na Kiswahili

Mtoto wa Chita ana sababu ya kumjua Uhura. Jina lake limetokana na neno "uhuru". Nichelle Nichols alianza kuigiza nafasi hiyo mwaka 1966, Tanganyika ikiwa haijatimiza miaka mitano tangu ipate uhuru wake, Desemba 9, 1961. Katika kipindi kilichorushwa wiki moja kabla ya Mirror, Mirror, Uhura anafutiwa kumbukumbu. Anapofundishwa upya kusoma Kiingereza na kukwama, anaropoka kwa Kiswahili.

Katika ulimwengu ule wa kikatili, ofisa mmoja anamsogelea Uhura kwa nia mbaya naye anamkatalia waziwazi. Hapo mzazi anaweza kumwambia binti au kijana wake kwamba mwili wake ni wake, na akiguswa asivyotaka apige kelele na aje kusema nyumbani.

Dk McCoy naye anatoa somo. Muda wa kurudi kwao unakwisha, lakini anabaki kumtibu Spock mwenye ndevu aliyejeruhiwa. Kwa daktari, adui aliyelala kitandani ni mgonjwa.

Wema uliposhindwa

Kabla ya kuondoka, Kirk anamsihi Spock huyo aibadili dola yake. Spock anaahidi kulifikiria. Watazamaji walisubiri miaka 27 kujua kilichofuata. Mwaka 1994, tamthilia dada ya Deep Space Nine ilirudi kwenye ulimwengu uleule katika kipindi cha Crossover. Spock alishika uongozi, akaleta mageuzi na kupunguza silaha. Dola ikashindwa kujilinda, maadui wakaivamia, na binadamu wakawa watumwa.

Hapo ndipo mtoto huuliza swali gumu zaidi: "Kwa hiyo kuwa mwema ni vibaya?"

Jibu liko mashambani. Mkulima wa Kilombero akishapanda mpunga na kuupalilia hajamaliza kazi. Hupanda kwenye dungu kuamia ndege, la sivyo mavuno yote yataliwa. Ndege wakila mpunga, hakuna anayesema kupanda kulikuwa kosa. Kosa ni kuacha dungu tupu. Spock alipanda vizuri, hakuweka mlinzi. Vivyo hivyo, mtoto mpole shuleni haambiwi aache upole, bali afundishwe kusema "hapana" na kumwendea mwalimu anapoonewa.

Mzazi afanye nini?

Umri uzingatiwe. Watoto wa chini ya miaka saba hivi bado hupata shida kutenganisha hadithi na kweli. Mtu mwema anayegeuka katili kwa sura ileile huweza kuwatisha hadi ndotoni. Hadithi kama hizi ziwasubiri wakubwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri watoto wa chini ya miaka miwili wasiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku.

Kwa wakubwa, keti nao hata nusu ya kipindi. Waulize: "Wewe ungefanya nini?" Mtoto akishtuka usiku, usimcheke. Mkumbatie, mweleze kuwa yule ni mwigizaji aliyevalishwa ndevu, kisha kaa naye mpaka usingizi umchukue.

Na akiuliza kwa nini mtu mmoja ana sura mbili, usimfukuze. Huenda hazungumzii filamu. Huenda anamzungumzia mtu anayemjua.