Sura ya Tano: Kibanda cha Kupanga

Mama anayeuza ndizi katika soko la Gakoromone mjini Meru hupanga mikungu yake apendavyo. Hutundika mizani na kubandika nambari ya M-Pesa. Ukuta wa soko lakini si wake. Akiutoboa apanue meza, siku kaunti itakapokarabati soko atakuta tundu limezibwa na meza iko nje.

Thunderbird, programu ya bure ya barua pepe iliyofikia toleo la 1.0 Desemba 2004, ilivumilia watoboaji ukuta kwa miaka mingi. Plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, iliingia popote ndani yake, ikageuza menyu na madirisha itakavyo. Raha tupu, mpaka toleo jipya litoke na plagini zianguke. Toleo la 78, mwaka 2020, lilikomesha mtindo huo: plagini sasa hupita kwenye milango rasmi, yaani API. Hata Enigmail, iliyosifika kwa kufunga barua kwa siri, haikuendelea huko. Kazi yake ilijengwa ndani ya Thunderbird yenyewe. Waandishi wa plagini walinung'unika, na walikuwa na haki, maana milango ilikuwa michache. Hata hivyo, mimi nauchagua mlango mwembamba kuliko ukuta wenye matundu.

Tuseme mfanyabiashara wetu huwatumia wenye hoteli bei za ndizi kwa barua pepe, na kila mara husahau kutaja bei hizo zitadumu hadi lini. Mteja anarudi baada ya miezi miwili akidai bei ileile! Plagini ya kumwokoa ina faili mbili. Ya kwanza, manifest.json, ni kama leseni ya kibanda: jina, toleo, na ruhusa unazoomba. Ya pili ni msimbo wa JavaScript unaotegea tukio liitwalo compose.onBeforeSend, yaani ile nukta baada ya kubofya kitufe cha kutuma na kabla barua haijaondoka. Msimbo husoma kichwa na matini. Ukikuta neno “bei” pasipo “hadi tarehe”, hurudisha cancel: true, na barua hubaki mezani.

Ruhusa inayotosha hapa ni compose. Usiongeze messagesRead eti huenda ukaihitaji baadaye. Hiyo hufungua barua zote zilizopokewa, na kwenye kompyuta ya saiba hizo ni barua za watu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka data ikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu. Mtu akiona plagini ya kukagua bei inaomba kitabu chake cha anwani, ana sababu ya kuikataa.

Kuijaribu ni rahisi. Nenda sehemu ya viongezo, chagua utatuzi, kisha pakia manifest.json kwa muda. Kwa kuigawa, bana faili zote kwa zip na ulipe furushi kiambishi .xpi. Ile ya majaribio hutoweka ukifunga Thunderbird. Asubuhi utaipakia upya.