Mjamzito, Ugoro na Moshi wa Jikoni

Juni na Julai, baridi ya milima ya Usambara inapobana, milango ya majiko ya kijiji cha Irente hufungwa mapema. Kuni zinawaka, watu wameyazunguka mafiga, na mwenye sigara huivutia hapo hapo.

Wanawake wanaovuta sigara Tanzania ni wachache, hivyo ni rahisi suala la tumbaku kusahauliwa kliniki ya wajawazito. Lakini ugoro nao ni tumbaku, na nikotini yake hubana mishipa ya damu. Moshi wa sigara, kama ule wa kuni, una kaboni monoksidi inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu ya mama. Mtoto anaweza kuzaliwa njiti, au na uzito chini ya kilo 2.5.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mjamzito aulizwe, mapema na kila hudhurio, kama anatumia tumbaku au anaishi na mvutaji. Anayetumia apewe ushauri nasaha, si karipio: hamu humjia saa ngapi, nani humgawia ugoro, ataanza kuacha lini?

Mume aliyemsindikiza mkewe naye huulizwa. Asipoweza kuacha mara moja, avutie nje, mbali na mama. Kuacha katika mwezi wowote wa mimba kuna faida.