Kwa Nini Viungo vya Boti Huachia?



Katika toleo hili tunajibu swali ambalo kamati za sharika hutuuliza mara kwa mara: kwa nini boti ya mbao iliyoungwa kwa epoksi, gundi ya bei kubwa, huanza kuachia viungo baada ya muda mfupi?

Swali hili linagusa maisha ya watu. Kule Matema, wilayani Kyela, Milima ya Livingstone inashuka hadi ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Kwa vijiji kama Ikombe, ziwa ni njia muhimu ya kufikia hospitali, na akina mama hupitisha humo vyungu vyao kwenda sokoni. Kiungo kikiachia katikati ya mwaka, wakati upepo wa mwera unavuma, abiria ndio wanaokuwa hatarini.

Soma kwanza kiungo kilichoachia

Kabla ya kununua gundi nyingine au kumlaumu fundi, kamati itazame pande zote mbili za kiungo. Dalili ni nne:

1. *Nyuzi za mbao zimechanika na kubaki kwenye gundi.* Gundi ilifanya kazi yake. Ubao ndio uliozidiwa. Tumieni mbao nene zaidi au kiungo kirefu zaidi. Mbao zinazoungwa kwa urefu zikatwe mshazari wa angalau mara 8 ya unene: ubao wa milimita 25 unahitaji mshazari wa milimita 200.

2. *Gundi yote imebaki upande mmoja, na upande wa pili ni safi.* Gundi haikushika. Huenda ubao ulikuwa na unyevu, vumbi au mafuta, au uliachwa na uso wa kung'aa bila kupigwa msasa.

3. *Gundi bado inanata, au inakwaruzika kwa ukucha.* Vipimo vya kuchanganya vilikosewa, au kazi ilifanyika kwenye baridi. Epoksi ina sehemu mbili, resini na kigumishi (mafundi huita hadina), na kila aina ina kipimo chake. Kuongeza hadina hakuharakishi kukauka, kunadhoofisha kiungo.

4. *Gundi ni kidogo mno, mbao ni kavu.* Vibano vilikazwa kupita kiasi, au ncha za mbao zilifyonza gundi yote. Ncha zipakwe kwanza epoksi nyepesi, kisha ile iliyozitishwa. Vibano vikazwe mpaka gundi kidogo ijitokeze, basi.

Baridi ya milimani, joto la ziwani

Mbao nyingi za msindano katika kanda yetu hutoka shamba la miti la Sao Hill, Mufindi. Huko, na hata Mbeya mjini, usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Epoksi ya kawaida hukauka vibaya katika baridi hiyo, na penye unyevu huota utando wa utelezi juu yake. Tabaka la pili likipakwa juu ya utando huo halitashika. Utando uoshwe kwa maji safi, ubao ukauke, kisha upigwe msasa. Jiko la mkaa ndani ya karakana iliyofungwa si dawa: moshi wake huzidisha utando, na hewa yake inaweza kuua.

Tatizo la pili ni mbao mbichi. Boti ikiungwa milimani kwa mbao ambazo hazijakauka, kisha ikashushwa ziwani, mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, mbao husinyaa kwenye joto na kuvuta viungo. Unyevu usizidi asilimia 12. Kipimo chake ni rahisi: kata kipande katikati ya ubao, kipime, kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 103 mpaka uzito uache kupungua, kisha kipime tena. Kikitoka gramu 560 hadi 500, maji yalikuwa gramu 60, yaani asilimia 12 ya uzito mkavu.

Kamati ifanye nini?

Tunashauri mambo matatu yaingie kwenye makubaliano na fundi. Kwanza, unyevu wa mbao upimwe na kuandikwa kabla ya kuunga. Pili, kila gundi inapochanganywa, vipande viwili vya mbao hizo hizo viungwe, viandikwe tarehe, na vivunjwe baada ya wiki moja mbele ya kamati. Ikichanika mbao, endeleeni; ikiachia gundi, kazi isimame. Tatu, boti yote ipakwe rangi, kwa kuwa jua huharibu epoksi. Rangi nyeupe ni bora, maana nyeusi hukusanya joto na kulainisha gundi.

Kwa wahisani wetu: mkiona kwenye bajeti mizani, glovu na miezi ya kukausha mbao, msidhani ni anasa. Glovu huwakinga mafundi, kwani epoksi ikigusa ngozi mara nyingi huleta mzio usiopona. Mizani na muda wa kusubiri huwakinga abiria.